Vitambaa Vitatu vya Bingwa

Jumapili, 3 Februari

Mke mwenzangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliweka mkasi chini, maana nguo iliyokuwa mezani ni ya watu na hasira hukata ovyo.

Kwanza kabisa, sitaandika cheti cha kusema una kifua. Huna kifua. Una uvivu, na uvivu hauna cheti. Umenieleza mwenyewe kwamba Mkuu wa Chuo aliwasimamisha paredini wote mnaokwepa michezo, akasoma majina, na alipofika kwenye la babu yako akauliza, "Wewe ni wa yule mwashi?" Ukajibu ndiyo. Akasema kwenu miguu ni mizito ila midomo ni miepesi. Watu wakacheka, na wewe kwa hasira ukanyoosha mkono ukajiandikisha kwenye mbio ndefu. Kilomita kumi na nane. Wewe ambaye ukitumwa chumvi dukani unakaa kitako mara mbili njiani.

Sasa hasira zimepoa, unataka mimi nikutoe. Sikutoi.

Huyo Mkuu wenu namjua kabla hajawa mkuu wa kitu chochote. Wakati ule alikuwa kijana tu, na jina la Bingwa walimpa siku moja, kwenye mbio hizo hizo, miaka arobaini na moja iliyopita. Zilikuwa wazi kwa mji mzima, na mshindi alipewa nafasi ya kusoma chuo bure. Mume wetu, babu yako, alikuwa kibarua wa matofali, hana kiatu. Akafika wa pili. Mpaka anaingia kaburini alisema neno moja: kutoka kilima cha tangi la maji hakukuwa na mtu mbele yake. Wakamcheka, wakamwita Mlalamishi, tukahama mji. Yule akawa mwalimu, akawa Mkuu, na mbio zikapewa jina lake. Wetu akawajengea watu nyumba mpaka mgongo ukapinda.

Bingwa anastaafu mwaka huu. Ni mwaka huu au basi tena. Jifunge kibwebwe ukimbie.

Na usinipigie kwa simu ya jirani. Jirani ana masikio kuliko hiyo simu yake. Andika.

Mke mwenzio mkubwa

~

Jumapili, 17 Februari

Bibi, shikamoo.

Hongera, umekaribia kuniua. Siku ya kwanza nilikimbia kutoka bwenini hadi jiko la chuo, nikasimama kwa kichomi, na mpishi akanivutia stuli akidhani nimekuja kuomba ukoko. Siku ya pili sikufika hata jikoni. Mapaja yanachubuka mpaka naoga huku nimeuma kitambaa. Wenzangu wamenipa jina, Godoro. Nikipita wanauliza, "Leo unaanikwa wapi?"

Lakini nimeuliza kanuni za mbio, na kuna jambo. Kushinda siwezi hata wote wavunjike miguu. Ila kila anayefika kabla masaa matatu hayajaisha hupewa kadi, anaandika maneno yake machache, na Mkuu mwenyewe anayasoma kwenye kipaza sauti mbele ya chuo kizima na wageni. Ni mazoea yake ya miaka yote, hampi mtu mwingine kusoma. Kwa kawaida watu huandika wanamshukuru mama. Mimi nataka asome kwa mdomo wake: "Nimekimbia kwa niaba ya babu yangu, aliyeshinda mbio hizi kwa haki." Kasema midomo yetu ni miepesi, basi tuupime uzito wa kwake.

Tatizo ni hayo masaa matatu. Jana nimekwenda kilomita tatu kwa dakika arobaini, na nusu yake nilitembea nikijifanya natafuta kitu kilichoanguka.

Mbio ni tarehe 25 Mei. Niombee au nitukane, chochote kitakachosukuma.

Mke mwenzio mdogo, Godoro

~

Jumapili, 24 Februari

Mke mwenzangu,

Kadi. Hapo sasa umesema kama mtu aliyelelewa na mimi. Asome kwa mdomo wake, na mate yamkauke akisoma.

Umeanza vibaya. Unakimbia kama mwanafunzi wa ushonaji anavyokanyaga cherehani siku ya kwanza: anakanyaga kwa pupa, uzi unakatika, anakaa dakika kumi akitunga uzi upya, halafu analaumu cherehani. Anza polepole mpaka uone aibu. Mguu uende mwendo mmoja, ule ule, wa kukuchosha wewe mwenyewe kwa kujirudia kwake. Kichomi kikikushika usisimame, punguza tu. Mshono ukiusimamisha katikati, pale uliposimama panaonekana hata ukipiga pasi mara kumi.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kaptula mbili. Mapaja yanachubuka kwa sababu za dukani zina mshono wa katikati mnene kama kamba ya ndoo. Zangu nimehamishia mshono nyuma na kuulaza bapa. Usimwazime mtu. Na hao wanaouliza unaanikwa wapi, usiwajibu. Kumbuka sura tu, kila mmoja.

Ukichoka, fikiria mume wetu akichanganya zege siku ambayo mwenzake anavaa joho. Mimi nilikuwepo. Aliosha mikono, akakaa, akaniuliza hivi joho linashonwaje. Nikamweleza. Akasema, "Kumbe ni kitambaa kingi tu." Kisha akala.

Kimbilia hapo.

Mke mwenzio mkubwa

~

Jumapili, 17 Machi

Bibi, shikamoo.

Kilomita nane bila kutembea. Nimerudia kuzipima kwa sababu sikuamini. Ukucha mmoja wa mguuni umeng'oka, nimeuhifadhi ndani ya bahasha kama risiti. Mpishi sasa ananipungia mwiko nikipita. Anaposema "Godoro limeota miguu" nasikia kama anasema vizuri.

Ila kuna jambo limenikaa kooni. Mtunza uwanja ni mzee, alikuwepo miaka ile. Amenieleza walivyokuwa wanahakikisha mtu hakati njia: vituo vitatu, na kila kituo unafungwa kitambaa mkononi. Chekundu kwenye tangi la maji, cha njano darajani, cha bluu njia panda. Mpaka leo ndivyo. Anasema Bingwa alifika akiwa na vyote vitatu mkononi, mji mzima ukaviona. "Sasa babu yako alitaka nini zaidi?" akaniuliza.

Bibi, una uhakika gani? Babu hakuwahi kuniambia zaidi ya kwamba hakuona mtu mbele. Pengine jua lilikuwa kali, pengine hakutazama vizuri. Lakini wewe ukiliongelea hili unaliongelea kama uliyeona. Uliona nini? Nitamsomesha mtu kadi mbele ya wageni wake. Nataka niwe najua.

Mke mwenzio mdogo

~

Jumapili, 24 Machi

Mke mwenzangu,

Maswali ni ya polisi. Wewe ni mkimbiaji.

Mume wako akikuambia hakuona mtu mbele, hakukuwa na mtu mbele. Mke hangoji kuonyeshwa. Nina sare arobaini za shule za kukabidhi mwisho wa wiki na wewe unaniletea hadithi za mtunza uwanja, mtu aliyekaa maisha yake yote akiangalia majani yakikua.

Ongeza kilomita. Kula maharage. Ukucha utupe.

Mke mwenzio mkubwa

~

Jumapili, 14 Aprili

Bibi, shikamoo, shikamoo tena.

Kilomita kumi na nne, lakini weka hilo pembeni. Nimempata.

Wiki hii ilikuwa zamu yangu kusafisha ukumbi. Juu ya mlango kuna picha ya mbio za mwaka ule, imekuzwa karibu ukubwa wa meza. Watatu wa kwanza wamesimama nyuma ya utepe, mikono juu kuonyesha vitambaa. Bingwa katikati. Babu kulia, mwembamba kama ufito, hatabasamu. Nilipanda ngazi kufuta vumbi, nikawa uso kwa uso na mikono yao. Nikashuka, nikaazima kioo cha kukuzia kutoka maabara, nikapanda tena.

Bibi, vitambaa vya babu vimechanwa kwa mkono. Nyuzi zinaning'inia. Vya yule wa tatu vivyo hivyo. Vya Bingwa vina upindo. Umekunjwa pande zote mbili ukashonwa kwa cherehani, na mwishoni fundi amerudi nyuma kidogo ili uzi usifumuke. Vyote vitatu.

Nani anapiga upindo kitambaa cha kumfunga mtu mkononi akipita mbio? Hakuna, isipokuwa fundi asiyeweza kuachia kitu kitoke mikononi mwake kikiwa na nyuzi. Hivyo vitambaa havikutoka vituoni. Alikuwa navyo mfukoni tangu asubuhi. Alifika chini ya kilima cha tangi, kabla ya kituo cha kwanza, akaingia mashambani, akatokea mbele. Miaka arobaini na moja ushahidi umening'inia juu ya mlango na wanaume wote waliopita chini yake hawajui upindo ni nini.

Mkuu alipita nikiwa bado ngazini. Nikamwuliza kwa adabu, "Mkuu, vitambaa vyako alikushonea nani?" Alinitazama mpaka nikashika ukuta.

Sasa nisikilize. Bingwa alikuwa anatafuta shule, mwizi mwenye njaa namwelewa. Huyo fundi je? Alikaa kwenye kiti, akatunga uzi, akamuuza babu yangu mshono kwa mshono, tena kwa ufundi. Wewe ulijifunza kazi mji huu miaka ile. Mafundi walikuwa wangapi? Niambie huyo ni nani. Kama yu hai namtaka kuliko ninavyomtaka Bingwa, na kwenye kadi naye atakaa.

Mke mwenzio mdogo

~

Jumapili, 28 Aprili

Kwako Fundi,

Najua hukutarajia barua yangu. Hata mimi sikutarajia kuiandika.

Mjukuu wako ni msichana mwenye bidii na ningependa amalize masomo yake salama. Hata hivyo ameanza kupanda ngazi na kuchungulia mambo yaliyokwisha. Imebaki miezi miwili nistaafu kwa heshima. Nakuomba umwandikie aachane na picha hiyo na, ikiwezekana, aachane na mbio pia. Nitamwandikia ruhusa ya ugonjwa mimi mwenyewe.

Huna sababu ya kukataa. Tulikuwa watoto. Mzee wako ameshapumzika na hadai tena chochote. Na ukinivua nguo mimi, ukumbuke kwamba yangu na yako zimekatwa jora moja. Mtoto huyu anakupenda. Anakimbia kwa kuwa wewe umemwambia akimbie. Je, akijua anakimbia dhidi ya nani, atakuita nini?

Fikiri kwa utulivu, kama ulivyokuwa zamani.

Mkuu wa Chuo

~

Jumapili, 5 Mei

Bingwa,

Nimesoma. Unaandika vizuri. Ndiyo faida ya chuo ulichoiba.

Unasema tulikuwa watoto. Watoto huiba sukari. Unasema mume wangu hadai tena. Hiyo ndiyo lugha yako, kumsemea mtu asiyeweza kukujibu. Na utulivu wangu wa zamani haukuwa utulivu, ulikuwa ujinga wa msichana wa miaka kumi na tisa. Uliniahidi utaniposa mwezi unaofuata. Mwezi ukafika ukapita mbele ya duka umevaa tai, nikakuita, ukamwuliza mwenzako, "Huyo ni nani?" Nilikuwa nimeshika pasi ya mkaa. Mpaka leo najuta kwamba sikuirusha.

Unanitishia kwa mjukuu wangu. Umechelewa. Barua yake imelala hapa pamoja na hii yako, zitatoka posta kwa mkono mmoja. Na barua uliyoniletea nimeihifadhi. Hukusoma ulichoandika? "Jora moja." Asante.

Fundi

~

Jumapili, 5 Mei

Mjukuu wangu,

Wiki tatu sijakujibu. Nilikuwa nakata karatasi, si kitambaa. Hii ni ya sita, nyingine zimekwenda jikoni kuwashia moto.

Umeuliza fundi ni nani. Ni mimi.

Kamati ya mbio ilikuja kununua vitambaa kwenye duka nililokuwa najifunzia, wakavichana pale pale juu ya meza, kipande kwa kipande, wakaondoka. Mabaki yalibaki kwangu. Jioni akaja yeye. Akaomba vitatu, kila rangi kimoja. Usijidanganye kwamba nilidanganywa. Nilijua vya nini. Alisema akiingia chuo atapata kazi, akipata kazi ataniposa. Nikampa. Na hakuniambia nivipige upindo. Nilivipiga mwenyewe, kwa sababu kitu kinachotoka kwangu kwenda kwake nilitaka kiwe kizuri. Wewe umesema tena kwa ufundi. Ndiyo. Hata wizi niliushona vizuri.

Alipoukana uso wangu, nilikubali posa ya babu yako kwa hasira. Nilitaka kumkomoa Bingwa kwa kuolewa na mtu aliyeibiwa naye. Mwaka wa kwanza nilijiona mjanja. Mwaka wa tatu nikajikuta nikisikia hatua za babu yako mlangoni moyo unatulia. Hapo ndipo pakaharibika. Mtu usiyempenda unaweza kumwambia lolote, akiondoka aende. Huyu niliogopa aondoke.

Alasiri moja, siku chache kabla hajafa, aliniuliza, "Mama watoto, hivi wewe uliniamini?" Mtu mmoja tu duniani alikuwa na uwezo wa kumwambia "najua ulishinda", na mtu huyo alikuwa amekaa kitandani kwake ameshika bakuli la uji. Nikamwambia, "Kunywa uji, unapoa." Akanywa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Umezivaa nguo zangu tangu ulipozaliwa.

Nilikuambia ukimbie kwa ajili ya mume wetu. Nusu ilikuwa kweli. Nusu ya pili nilikuwa nakutuma ukamchape aliyenichapa mimi, maana mwenyewe sikuthubutu. Ulipoanza kuuliza nikakutukana ili unyamaze.

Kadi ni yako. Ulitaka kuniweka, niweke. Nimeambatisha barua ya Bingwa ili usiseme nilibuni.

Bibi yako

~

Jumapili, 26 Mei

Bibi,

Nimefika. Masaa mawili na dakika hamsini na sita. Nilikuwa wa mwisho kati ya waliopewa kadi.

Baada ya barua yako sikukimbia siku nne. Nililala, jina langu likanifaa. Siku ya tano niliamka, nikavaa kaptula zako, nikazivua, nikanunua za dukani. Ndizo nilizovaa jana. Leo natembea kama bata na mafuta yamekwisha kopo zima. Nilitaka hivyo.

Nakueleza mbio kwa kifupi kwa sababu una haki ya kujua ulikonituma. Kilima cha tangi ni kirefu kuliko kinavyoonekana. Nilipofika juu, pale ambapo babu alitazama mbele asione mtu, nilitazama mbele nikakuona wewe. Miezi mitatu nilikuwa namkimbilia Bingwa, na jana sikumfikiria hata kidogo. Nilikukimbiza wewe kama mtu anayekimbiza mwizi sokoni. Ndiyo maana nilifika. Darajani walinifunga cha njano, nikalia, yule anayefunga akadhani ni uchovu.

Kwenye kadi niliandika: "Tazameni picha ya ukumbini. Vitambaa vya babu yangu vimechanwa, vya Bingwa vimeshonwa. Njiani hakukuwa na cherehani."

Mkuu aliishika, akaisoma kwa macho, akatabasamu kwenye kipaza sauti. "Huyu anawashukuru walimu wote na wapishi." Watu wakapiga makofi. Nikasema sikuandika hivyo, lakini sauti ilikuwa imebaki kilimani. Aliyenisikia ni mwalimu wa ushonaji, aliyekuwa pembeni yangu akigawa maji. Ni mama wa makamo, mnene kama mimi.

"Umesemaje, mwanangu?"

"Sikuandika hivyo."

Akapanda jukwaani. "Mkuu, nipe nikusaidie, naona miwani imekuchoka." Mkuu akaitia kadi mfukoni. Bibi, yule mama alitia mkono mfukoni mwa Mkuu wa Chuo mbele ya watu mia nne, bila haraka, kama anayetoa pini iliyosahaulika kwenye koti la mteja. Akaisoma yote. Halafu akasema, "Darasa langu, tuingie ukumbini." Wakaingia, na wageni nyuma yao. Mimi nilikaa kwenye nyasi, miguu ilikuwa imegoma. Nilisikia kelele zikianza ndani.

Amekanusha. Anasema picha ilipigwa siku ya pili yake na marehemu mama yake alikuwa ameshavipiga upindo viwe kumbukumbu. Mtunza uwanja anasema picha ilipigwa siku ile ile, lakini ni neno la mzee mmoja juu ya mwingine. Barua aliyokuandikia nimewapa. Anasema "jora moja" ni msemo tu. Bodi inakaa Jumatatu, tarehe 10 Juni, saa nne asubuhi. Wasipopata shahidi anastaafu na jina lake.

Utaona sikukutaja. Usidhani ni huruma. Nilikuwa na kalamu mkononi na nafasi kwenye kadi ilikuwepo. Lakini mimi zangu nimekimbia. Sitakubebea zako.

Likizo sitakuja. Mama nimemwambia nina masomo ya ziada.

Mjukuu wako

~

Jumapili, 2 Juni

Mjukuu wangu,

Nitakuja. Nauli ninayo, nguo ninayo, siku naijua.

Mama yako nimemweleza, kwa hiyo masomo yako ya ziada hayana kazi tena. Alilia, akaniuliza kama nimekula, akalia tena. Halafu alikaa akiangalia ukuta alioujenga baba yake mpaka jua likazama. Jana wateja wawili wamekuja kuchukua nguo zao kabla hazijaisha. Mmoja alisema atamalizia mwenyewe nyumbani. Blauzi haina mkono mmoja, atamalizia na nini sijui. Habari zina miguu kuliko wewe.

Sikulaumu kwa za dukani. Ila paka mafuta ya nazi, si hayo ya kopo.

Bodi nitawaambia yote, na ya posa pia, ingawa yatachekesha. Waniwekee cherehani mezani, yoyote, hata mbovu. Nitawashonea vitambaa vitatu hapo hapo, wakae na kioo chao wafananishe. Mwisho wa upindo mafundi wengine hurudi mishono miwili. Mimi hurudi mitatu. Sikufundishwa na mtu na sijawahi kuacha. Mama yake hakuwa na cherehani. Alikuwa anauza mkaa, na mkono wangu hakuuazima.

Yeye nataka akae mbele yangu, asikae pembeni. Nimeshamwona akishangiliwa, nimemwona akipita na tai. Sasa nataka nimwone akisikiliza. Wakimvua jina la mbio, nitafurahi, sitajifanya mtu mwema. Wakimwacha nalo, basi kila atakaposimama kuna mtu atakuwa ananong'ona, na kunong'ona hakustaafu. Mume wetu alikaa na minong'ono miaka mingi kuliko iliyombakia huyo.

Nafasi ya chuo haitarudi. Mgongo hautanyooka. Hilo nalijua, usinikumbushe.

Msamaha siombi kwa karatasi. Nimezoea kuandika yaliyo rahisi.

Usinipokee stendi. Njia ya chuo naijua, nimeipita nikiwa na miguu mizuri kuliko yako. Ukija ukumbini kaa nyuma, na usiniamkie. Nisikilize kwanza mpaka mwisho, hata pale nitakapotaja jina la babu yako, usije kunishika. Nikimaliza nitatoka kwa mlango mkubwa na nitatembea polepole. Ukitaka kunifuata, utanifikia, sasa una mbio. Usipotaka, sitageuka kukutazama. Nitaendelea na safari.

Bibi yako